Kalambo: ajabu iko juu, kabla maji hayajaanguka

Ukiuliza stendi ya Matai njia ya kwenda maporomoko ya Kalambo, utatajiwa kimo kabla hujatajiwa nauli. Mita 235, atasema mmoja. Mwenzake atasema 221, kama wanavyoandika majirani zetu wa Zambia. Watabishana kidogo, kisha wataafikiana kwamba ni ya pili Afrika kwa maji yanayoanguka kwa mkupuo mmoja bila kugonga mwamba njiani, na kwamba Victoria, pamoja na umaarufu wake wote, haifiki hata nusu. Hili la Victoria ni kweli, kwani kimo chake ni mita 108 hivi. Lile la kuwa ya pili linategemea nani kapima na kahesabu vipi, lakini ni sifa iliyokwisha kuota mizizi, na mtu wa Rukwa hakubali kunyang'anywa.

Sina ugomvi na sifa hiyo. Ugomvi wangu ni na aina ya ziara inayoletwa nayo. Mtu aliyekuja kuona mita 235 anazimaliza kwa jicho moja: gari linaegeshwa, watu wanashuka mbiombio hadi ukingoni, simu zinatoka mifukoni, picha ya peke yake, picha ya pamoja, nyingine ya kuruka juu mikono ikiwa imenyooshwa, basi. Nusu saa haijaisha wameshaanza kuulizana watakula wapi. Wametoka Sumbawanga, wengine Mbeya, wameona maji marefu, wanageuza. Kumbe Kalambo ni shughuli ya kutwa, na inataka mtu wa kukutembeza anayejua aanzie wapi.

Tulikwenda mwezi wa Juni, watu wa Noah moja: mwalimu mstaafu, muuguzi na binti yake, vijana wawili wa benki waliohamishiwa Sumbawanga na bado wanalia na baridi, dereva na mimi. Juni na Julai uwanda wa Ufipa haumhurumii mtu. Alfajiri upepo unapita kwenye nyasi bila kizuizi chochote, maana miti ni ya kuhesabu, na mtu wa Dar es Salaam aliyekuja na fulana moja ataazima blanketi la hoteli. Barabara ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga siku hizi ni lami. Waliowahi kuipita enzi za tope wanajua kwa nini mwalimu wetu alikuwa akiisifia kila baada ya kona. Matai yenyewe imechangamka tangu Wilaya ya Kalambo ilipomegwa kutoka Sumbawanga Vijijini mwaka 2012 ikapewa makao makuu pale. Kuna ofisi, kuna benki, kuna nyumba za kulala wageni, na kuna chai ya moto na chapati mapema kabisa, jambo ambalo kwa baridi ile ni huduma ya kwanza.

Pale ndipo tulipompakia mwongozaji wetu, kijana wa vijiji vya huko huko. Aliamkia, "Shikamoo mwalimu, shikamoo mama," akakaa mbele, na kabla hatujafika mbali akamwomba dereva asimame shambani. Hakukuwa na cha kutazama, au hivyo ndivyo walivyodhani vijana wa benki. Palikuwa na vichuguu vya udongo vya duara, mamia kwa mamia, kila kimoja kikiwa kimeota maharage. Wafipa na jirani zao Wamambwe wanalima hivi tangu zamani: mvua zinapokaribia kwisha wanakata majani na mizizi yake, wanayakusanya na kuyafukia ndani ya tuta la duara, juu wanapanda maharage. Majani yanaozea ndani. Mvua za msimu mwingine zikianza tuta linabomolewa, udongo uliokwisha kuiva unatandazwa, ulezi unamwagwa. Wataalamu wa kilimo wa kikoloni walioshangaa ardhi hii isiyo na miti inalishaje watu waliishia kuyaandika matuta hayo kwenye ripoti zao. Kijana wetu alisema jambo hilo kwa maneno machache, akachomoa jani moja lililooza nusu kutoka ndani ya tuta, akampa binti wa muuguzi anuse. Kisha tukaondoka.

Nimelisimulia hili kwa sababu uwanda huu ndio unaoulisha mto. Kalambo unaanzia huku huku juu, kwenye mbuga na vijito vya Ufipa, na mtu asiyeuona uwanda haelewi kwa nini mto mdogo kiasi hiki, ambao mahali pengine ungeitwa kijito kikubwa tu, ukapewa heshima ya kuanguka namna ile.

Tuliacha lami tukashika vumbi kuelekea kata ya Kisumba na kijiji cha Kapozwa. Taratibu nchi ikabadilika. Nyasi zikaisha, miombo ikaanza: mininga, misuku, miti ya magome yaliyopasuka na majani yanayogeuka rangi kila msimu. Kwenye masika wanawake hukaa kandokando ya njia na ndoo za uyoga wa msitu huu. Juni uyoga umekwisha, kuna asali. Maporomoko na msitu unaoyazunguka ni Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Unajiandikisha, unapewa namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu. Hapo ndipo simu zilipotuchezea. Ya mmoja wa vijana wa benki ilishika mnara wa Zambia, ikamkaribisha ugenini kwa ujumbe wa maandishi, na saa yake ikarudi nyuma. Wenzetu ng'ambo wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwa hiyo sisi tukiwa saa nne asubuhi, yeye alikuwa saa tatu, amesimama hatua mbili kutoka kwetu.

Vishindo vya maji tulishaanza kuvisikia. Mwalimu akashika njia ya kwenda ukingoni na fimbo yake. Kijana akamwita.

"Mwalimu, maji hayakimbii. Tuanzie huku juu."

Vijana wa benki walinung'unika. Tukapandisha kando ya mto, tukaupa mgongo ule mshindo, hadi mahali ambapo pana utulivu hata unajiuliza kama ni mto ule ule. Hapo Kalambo unatembea polepole kwenye bonde pana kidogo, kingo zake za mchanga na udongo wa mfinyanzi, matete pembeni. Ng'ambo, mkono wa kushoto wa mto, ni Zambia. Ukimwambia mtu kwamba mahali hapa panajulikana na wanasayansi duniani kuliko yale maporomoko, atadhani unamtania.

Mwaka 1953 mwanaakiolojia Mwingereza, J. Desmond Clark, aliyekuwa akifanya kazi Northern Rhodesia, alipita hapa akaona kingo za mto zilizochimbwa na maji zimefichua zana za mawe, tabaka juu ya tabaka. Akachimba mwaka 1956, akarudi 1959, akarudi tena 1963. Alipata mashoka ya mawe ya kila namna, lakini kilichomshtua ni miti. Vipande vya miti vya kale sana, vingine vikiwa na alama zilizoonekana kama za kuchongwa. Miti haidumu. Ukiacha gogo msituni, mchwa na ukungu wanalimaliza kabla mtoto hajamaliza shule. Clark alijua ameshika kitu kikubwa, ila hakuwa na njia ya kukipima umri: kaboni, ambayo ndiyo kipimo cha wakati ule, huishia kwenye miaka 50,000 hivi, na miti hii ilikuwa ya kale zaidi ya hapo. Aliandika majuzuu matatu kuhusu Kalambo, la kwanza likatoka 1969 na la mwisho 2001, na swali la umri likabaki limening'inia.

Jibu lilikuja muda mrefu baadaye. Mwaka 2019 timu ya watafiti ikiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, pamoja na wenzao wa Zambia na kwingineko, walichimba tena ukingo huo. Wakakuta magogo mawili, moja limelala juu ya lingine kwa kukingamana. La juu lilikuwa limechongwa pengo kwa makusudi ili likae sawasawa juu ya la chini. Wakachukua mchanga ulioyafukia na kuupima kwa njia ya mwanga: chembe ya mchanga ikifukiwa gizani hujilimbikizia nishati kutokana na mionzi ya udongo unaoizunguka, na maabara wakiiamsha kwa mwanga inaitoa, wanaipima, wanajua lini mara ya mwisho chembe ile iliona jua. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Nature mwezi Septemba 2023. Magogo yale yana miaka isiyopungua 476,000.

Kijana alitaja namba hiyo na kunyamaza. Mwalimu akaitamka upya, akaigawa kwa mwaka wa kuzaliwa kwa Yesu, akaona haigawiki kwa namna yoyote yenye maana. Muuguzi ndiye aliyeuliza la maana: nani alikuwepo? Mifupa ya watu haijapatikana Kalambo, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa. Ila mabaki ya kale zaidi ya binadamu wa jamii yetu yanayojulikana, yale ya Jebel Irhoud kule Moroko, yana miaka 300,000 hivi. Waliochonga magogo ya Kalambo walikuwa wa kabla yetu. Na walikuwa wanajenga. Huenda ilikuwa njia ya kupita juu ya tope, huenda jukwaa la kukalia karibu na maji, huenda msingi wa kibanda; watafiti wenyewe wanaacha milango hiyo wazi. Lakini gogo kukalishwa juu ya gogo kwa kuchongewa pengo ni ufundi ambao fundi seremala yeyote wa Matai angeutambua kwa kuutazama, na kabla ya hapo iliaminika kwamba watu wa enzi hizo walikuwa wa kutangatanga tu, wenye mkuki wa mti na jiwe la kukatia.

Sasa, kwa nini hapa? Miti ilichongwa kila mahali Afrika, bila shaka. Hapa ndipo ilipobaki, na sababu ni maporomoko. Kabla ya kufika ukingoni mto unabanwa na mwamba mgumu mno, ambao maji haya machache yameshindwa kuukata kwa haraka. Mwamba huo unafanya kazi kama kizingiti cha bafu kinavyozuia maji yasiende sebuleni: nyuma yake bonde linabaki limelowa, mchanga na udongo vinatulia, na chochote kinachofukiwa humo kinakaa kwenye maji muda wote, bila hewa. Mchwa hafiki, ukungu haufanyi kazi. Bila kizingiti kile hakuna maporomoko, na bila kizingiti kile hakuna magogo. Kimo kinachopigiwa debe stendi ya Matai na umri unaoandikwa Nature vinatoka kwenye jiwe moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kijana hakututangulizia ukingo. Mtu akishauona ukingo, humrudishi juu kutazama matete.

Nitaongeza jambo dogo, halafu niendelee. Baada ya wachongaji wale wa kale bonde hili halikukaa tupu. Clark alikuta pia vyungu vya wakulima na wafua chuma wa mwanzo, wa kama karne ya nne na kuendelea, na aina hiyo ya vyungu imepewa jina la Kalambo kwenye vitabu. Ufua chuma uliendelea uwandani hadi karne ya 20, na atakayekwenda Nkasi ataona bado baadhi ya malungu, zile tanuru ndefu za udongo kupita kimo cha mtu, zimesimama porini. Hiyo ni safari ya siku nyingine.

Tukashuka ukingoni.

Zipo ngazi upande wetu, na kwa magoti yaliyopita miaka sitini ngazi ni neema wakati wa kwenda na ni adhabu wakati wa kurudi. Mwalimu alishuka nusu akakaa. Kutoka pale alipokaa, mto unaonekana ukifika mwisho wa dunia bila kuonyesha dalili yoyote ya kujua. Maji ni membamba, meupe, yananyooka. Chini kabisa kuna bwawa jeusi, na kutoka hapo bonde linafunguka kati ya kuta za mawe kuelekea ziwani.

Kijana alitufundisha namna ya kuyatazama. Usitazame maporomoko yote, alisema. Chagua fungu moja la maji linapoacha mwamba, lishike kwa macho, ushuke nalo. Nililishika moja. Mwanzoni linakwenda kwa mbwembwe, kama kipande kilichokatwa. Katikati linaanza kuchanika, linatoa mikia. Likikaribia chini si maji tena bali moshi, na upepo wa bondeni unausukuma pembeni ukutani. Nikahesabu kimoyomoyo. Hakuna namna fungu hilo litafika chini kabla ya sekunde ya sita au ya saba, na hewa inavyolizuia linachelewa zaidi. Kwa jicho inaonekana kana kwamba maji yanaanguka polepole. Hayaendi polepole hata kidogo. Ni umbali unaodanganya. Binti wa muuguzi alilirudia zoezi hilo hadi mama yake akamshika mkono.

Mwezi Machi na Aprili mto unakuwa umejaa na mshindo unasikika mbali. Oktoba unakuwa uzi tu. Wanaopanga safari hukimbilia miezi ya maji mengi, na mimi nawashauri wasikimbilie. Kwenye kuta zile wanazaliana korongo wakubwa, wale wenye kipara na mfuko wa ngozi unaoning'inia shingoni, na hao hutaga kiangazi. Mtu wa Kampala anawajua sana, wanasimama juu ya nguzo za taa na kwenye majalala, na hakuna anayewapa heshima. Miguu yao wenyewe wanaiharia, nayo inakauka ikawa myeupe. Wataalamu wanasema ni namna ya kujipoza na joto. Lakini hapa Kalambo ndege huyo huyo anaachia mwamba, anafungua mabawa yenye upana unaopita mita mbili na nusu, anazunguka chini yako. Hiyo ndiyo tofauti. Ndege wakubwa tumezoea kuwatazama kwa kuinua shingo. Hapa unawatazama mgongo. Tuliwahesabu waliokaa kwenye viota vyao vya vijiti kwenye vishubaka vya mwamba hadi tukakosana kwa hesabu. Anayetaka maji na ndege kwa pamoja aje mwishoni mwa Mei au Juni, wakati mto haujakonda na korongo wameshafika.

Upande wa pili, juu kidogo ya usawa wetu, kulikuwa na wageni waliokuja kutokea Mbala. Tulipungiana mikono. Mstari unaotutenganisha nao ulichorwa Julai 1890, Waingereza na Wajerumani walipopatana Berlin kwenye mkataba ule ule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland na Waingereza ulinzi wa Zanzibar. Ndani yake umetajwa mto huu, ukiandikwa Kilambo, kwamba mpaka uufuate hadi unapoingia Tanganyika. Waliouandika hawakuwa wamewahi kuuona. Walungu wanaoishi pande zote mbili, wanaooleana na kuzikana, waliambiwa baadaye.

Mahali kama hapa, kwa maoni yangu, panastahili kibanda kimoja kidogo chenye mfano wa magogo yale mawili, ya mti halisi, ambayo mtoto wa shule anaweza kuyatenganisha na kuyakalisha upya. Si gharama kubwa. Fundi wa Matai atayachonga kwa siku moja.

Chakula tulikula kivulini: ugali, maharage ya Ufipa, dagaa wa kukaanga na pilipili. Kisha tukarudi kwenye lami, tukaelekea Kasanga kuyafuata maji yalikokwenda.

Njia hii ya kuteremka wengi huikata kwenye ratiba, na ndiyo nusu ya pili ya somo. Uwanda unakatika ghafla. Lami inaanza kujipinda, masikio yanaziba, makoti yanavuliwa moja baada ya jingine, na nyuma ya kona fulani ziwa linajitandaza lote. Kalambo unashuka kwa mkupuo kile ambacho gari linashuka kwa kona nyingi. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na ardhi ilipasuka na kushuka hapa katika ule ufa mkubwa wa Afrika Mashariki. Mto ukabaki umening'inia juu, haukupata nguvu ya kuchonga ukafikia sakafu mpya. Nayo sakafu yenyewe bado iko mbali. Kwenye kina chake kikubwa ziwa hili linakwenda chini mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji ya chini huko hayana hewa ya oksijeni. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Ukilinganisha, mita zetu 235 ni ngazi ya kwanza tu.

Huku chini nchi ni nyingine. Joto, miembe, michikichi, mihogo imeanikwa juu ya mawe. Kasanga Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakajenga boma kwenye rasi inayoingia ziwani, na magofu yake yapo. Omba ruhusa kwanza kabla ya kuinua simu upige picha. Ni eneo la mpakani. Kisa chake kinanichekesha kila ninapokikumbuka. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walileta boti mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli na kwa kukokotwa porini kupitia Kongo hadi Tanganyika, ili kuzima ubabe wa Wajerumani ziwani. Zikafaulu. Desemba 1915 wakaiteka meli ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Halafu Juni 1916 kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, akafika mbele ya boma hili. Akaona mizinga juu ya kuta, akaona heri abaki mbali. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa majahazi na mitumbwi, na simulizi za vita zinasema jeshi la nchi kavu lilipoingia ndani likakuta ile mizinga ni ya magogo. Mwalimu wetu alicheka hadi akakohoa, akasema watu wa huku ujuzi wa kuchonga miti hawakuuanza juzi.

Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 na kusafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Miongo mingi Kasanga ilikuwa kituo chake cha mwisho upande wetu kabla ya Mpulungu, na ukikaa na mtu mzima yeyote wa hapa atakusimulia usiku alioupitisha sitaha kati ya magunia ya dagaa na mahindi. Muuguzi aliisafiria akiwa msichana, kwenda Kigoma kusoma. Kumbukumbu yake kubwa ni harufu.

Anayetaka visiwa, kwa hakika, hapa sipo mahali pake. Apande kaskazini hadi Kipili, wilayani Nkasi, ambako kuna visiwa vya kutembelewa kwa boti na maji maangavu hata unaona samaki wa mapambo wakipishana kwenye mawe. Wengi wao hawapatikani kwingine kokote duniani.

Mwaloni tulikuta migebuka. Nchi nne zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kupumzisha uvuvi, na mwaka 2024 upande wetu ulifungwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Wavuvi walipiga kelele, maana tumbo halifungwi kwa miezi mitatu. Mama mmoja muuza samaki alituambia waliporudi majini waliona mabadiliko. Mwenzake wa meza ya jirani akasema yeye hakuona kitu. Wakaachana hapo wakarudi kwenye biashara. Mwongozaji wetu, aliyekuwa mpole kutwa nzima, ghafla akawa mkali: akakataa bei ya kwanza, akakataa ya pili, akaonyesha kwa kidole mgebuka ambaye jicho lake limeshaingia ukungu, akamrudisha. Akatuchagulia wengine, waliokaushwa kwa moshi na kugeuka rangi ya kahawia, akawafunga kwa karatasi ya mfuko wa simenti na kuwapanga buti.

Dereva alitaka tupandishe kabla ya saa kumi na moja, akisema kona zile hazipendi giza. Juu uwandani baridi ilikuwa inatusubiri na makoti yakavaliwa tena. Tulipomshusha kijana Matai wakaja watu wawili watatu, wengine wa stendi ya asubuhi, wakainama dirishani, wakasalimia kwa heshima zote. Nilijiandaa kuulizwa kama ni 221 au 235.

"Mmenunua shilingi ngapi hao migebuka?" akauliza wa kwanza. Nikamtajia. Akamgeukia kijana wetu kama anayemwonea huruma, akamwambia wamempiga.